Tezi Imetoka, Uchovu Umebaki

Mtu aliyetolewa tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo ambayo wengi huitambua pale tu inapovimba na kuitwa goita au rovu, huandikiwa kidonge kimoja cha kila siku na kuambiwa atakimeza maisha yake yote. Wengi hukimeza, hurudi kazini, na hawana la kusimulia. Wapo hata hivyo ambao miezi sita baadaye bado wanaamka wamechoka, nywele zinanyonyoka, kichwa kizito, nguo zinabana, na kila wakienda kliniki hukutana na moja kati ya majibu mawili. La kwanza: "Tukuongezee dawa." La pili: "Vipimo vyako viko sawa, huna tatizo." Mwongozo huu ni wako uliye katika kundi hilo, na unashikilia jambo moja: majibu yote mawili hutolewa mapema mno. Kabla dozi haijaguswa, hakikisha kidonge ulichoandikiwa kinaingia mwilini. Kabla ya kuamini kipimo, hakikisha kimechukuliwa kwa wakati wake na kinasomwa kwa kuangalia sababu iliyokupeleka kwenye upasuaji. Hayo yakishanyooka, dalili iliyobaki ni dalili ya kweli na inastahili kutafutiwa chanzo. Ukiuvuruga mpangilio huu utabadilishiwa dozi mara nne kwa mwaka, na mwisho wake hakuna atakayejua ni lipi lililosaidia na lipi lililoharibu.

Kidonge chenyewe ni levothairoksini, yaani homoni ileile ambayo madaktari huiita T4 na ambayo tezi yako ilikuwa ikiitoa kwa wingi. Mwili huibadilisha T4 kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi, ndani ya ini, figo, misuli na viungo vingine. Hata kwa mtu mwenye tezi nzima, karibu asilimia 80 ya T3 hupatikana kwa njia hiyo, nje ya tezi, na ndiyo sababu T4 peke yake huwatosha watu wengi. Elimu hii ilinunuliwa kwa gharama. Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern nchini Uswisi, aliripoti mwaka 1883 kwamba wagonjwa wake aliowatoa tezi yote walivimba uso, wakawa wazito wa mwili na wa akili. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumdunga mwanamke mmoja maji yaliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo, na mgonjwa huyo akaishi miaka 28 zaidi. Kwa hiyo anayekuambia uache vidonge kwa kuwa "umeshapona" au umeshaombewa hajui anachokigusa. Dawa hii haitibu ugonjwa uliokwisha. Inashika nafasi ya kiungo ambacho hakipo tena.

T4 hukaa mwilini muda mrefu: inachukua takriban siku saba kupungua nusu. Kutokana na hilo, ukisahau siku moja usitaharuki. Meza ukikumbuka siku hiyohiyo, kisha kesho endelea na saa yako. Kutokana na hilohilo, dozi iliyobadilishwa leo haitatulia kwenye damu mpaka wiki sita hivi zipite. Anayeongezewa dawa Jumatatu na kutangaza Ijumaa kwamba amechangamka, huenda amechangamka kweli, ila ni mapema kuipa dozi mpya sifa hiyo. Hatari iko upande wa pili: anayeacha vidonge hatahisi kitu siku za mwanzo, ataamini hakuwa anavihitaji, na mwili utakapoanza kupoa wiki kadhaa baadaye hatakumbuka alichokiacha.

Sasa tuje kwenye umezaji, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito mkubwa kuliko dakika moja linayopewa kliniki. Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Imeze kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa, au vizuri zaidi saa nzima, kabla ya kutia kitu kingine mdomoni. Asubuhi zetu haziisaidii sheria hii, kwa kuwa chai ya maziwa huwa imeshaandaliwa mtu hajavaa viatu. Maziwa yana kalsiamu inayoshikana na dawa tumboni, na kahawa nayo hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Uji wa lishe uliochanganywa soya vilevile. Anayekimeza kidonge kwa kikombe cha chai ya maziwa amemeza pungufu ya kilichoandikwa kwenye cheti, na daktari asipouliza ataona tu kwamba dozi haitoshi.

Chukua sasa ule mfuko wa dawa uliotoka nao hospitalini. Aghalabu una vidonge vya kalsiamu, kwa sababu upasuaji wa tezi hii huweza kuzitikisa tezi nne ndogo za jirani zinazotunza kalsiamu ya damu. Mwanamke anaweza kuwa na vidonge vya kuongeza damu pia, na huenda kuna dawa ya kiungulia. Madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kutuliza tindikali ambazo hutafunwa au kunywewa kama maziwa mazito vyote huishika levothairoksini. Viwekee nafasi ya saa nne. Mtu anayefagia vidonge vyote kwenye kiganja na kuvimeza kwa mkupuo mmoja ili "amalizane navyo" ameifunga homoni kabla haijapata njia. Omeprazoli ni habari tofauti kidogo, maana yenyewe hupunguza tindikali ya tumbo mchana kutwa, kwa hiyo kuitenganisha kwa saa hakuondoi tatizo. Mwambie daktari kwamba unaitumia, naye atajua dozi yako ipimwe ukiwa unaitumia dawa hiyo.

Asubuhi ikishindikana kabisa, usiku unafaa. Uchunguzi uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 90 waliobadilishana kumeza asubuhi na kumeza wakati wa kulala, na dawa ya usiku ilifyonzwa vizuri zaidi, ingawa wenyewe hawakusema kwamba walijisikia tofauti. Sharti lake ni kwamba saa tatu ziwe zimepita tangu mlo wa mwisho. Nyumba inayokula wali saa nne usiku na kulala saa tano haifai kwa mpango huo. Anayefunga Ramadhani ana njia kadhaa: kufungua kwa maji na kidonge, kuswali Magharibi, kisha kusogeza tende na futari mbele kwa nusu saa, au kumeza akienda kulala iwapo hali tena baada ya tarawehe, au kuamka mapema na kumeza kabla ya daku kwa nafasi hiyohiyo. Chagua moja na uishike mwezi mzima. Kushikilia saa moja kwa uaminifu kunashinda kutafuta saa bora kuliko zote, kwa sababu dozi hupimwa kulingana na mazoea yako, na mazoea yakiyumba kipimo nacho huyumba.

Kuna pia suala la hifadhi. Homoni hii huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na karatasi za dawa nyingi za aina hii hutaka isizidi nyuzi 25. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat anajua nyuzi 25 ni za nadra. Usiiache ndani ya gari, usiiweke rafu iliyo juu ya jiko, na usikubali kukatiwa vidonge kwa mkasi na kutiliwa kwenye bahasha ya karatasi. Dai boksi lenye jina, tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji. Jina la mtengenezaji lina maana. Nchini Ufaransa mwaka 2017 dawa iliyotumiwa na mamilioni ilibadilishwa viambato visivyo homoni, laktosi ikatolewa na manitoli na asidi ya sitriki vikaingizwa, na maelfu ya watumiaji wakalalamika kwamba wameumwa. Ubishi juu ya chanzo cha malalamiko hayo ulikuwa mrefu, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja funzo ni jepesi: duka likikupa boksi jipya la kampuni nyingine, andika tarehe, na baada ya wiki sita hadi nane upime TSH, kipimo cha damu nitakachokieleza hapa chini. Umuulize pia mfamasia mikrogramu ngapi ziko kwenye kila kidonge. Watu wamewahi kuhama kutoka kidonge cha 50 kwenda cha 100 bila kutambua, kwa kuwa idadi ya vidonge haikubadilika.

Kipimo chenyewe, TSH, huwachanganya wengi kwa sababu kinakwenda kinyume na matarajio. TSH ni homoni, ila haitoki shingoni. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo hupanda pale T4 inapopungua na kushuka T4 inapozidi. TSH ya juu, basi, maana yake dawa haitoshi. Maabara nyingi huandika wigo wa kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4.0, na hapo ndipo makosa huanza, kwa kuwa maabara haijui kwa nini ulipasuliwa. Aliyetolewa goita isiyo saratani anatakiwa kuwa ndani ya wigo huo. Aliyetolewa saratani yenye hatari kubwa ya kurudi huwekwa makusudi chini ya 0.1, ili seli zozote zilizobaki zisipate wa kuzichochea, ilhali mwenye hatari ndogo huachwa kati ya 0.5 na 2. Huyo mwenye saratani ya hatari kubwa akikutana na daktari asiyemfahamu, anaweza kupunguziwa dawa kwa wema uliopotoka. Naye mwenye goita ya kawaida akiachwa na TSH iliyozama mwaka baada ya mwaka, moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio na mifupa kudhoofika, hasa akiwa mtu mzima au mwanamke aliyekoma hedhi. Aliyekuwa na tezi inayofanya kazi kupita kiasi ana jambo jingine: TSH yake hubaki chini kwa wiki au miezi baada ya upasuaji kwa sababu ubongo ulizoea wingi wa zamani, kwa hiyo miezi ya mwanzo T4 isomwe pamoja nayo. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji na ya maabara ya kinyama kilichotolewa, uziweke pamoja na kadi yako. Bila karatasi hizo hakuna anayeweza kuisoma TSH yako sawasawa.

Siku ya kupima, toa damu kwanza ndipo umeze kidonge, kwani T4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha, vile vya biotini vinavyouzwa hata kwenye maduka ya vipodozi, viache siku mbili kabla. Biotini huvuruga mashine za maabara kadhaa, TSH ikaonekana ya chini na T4 ya juu wakati sivyo, na mtu aliyechoka kwa upungufu wa homoni akapunguziwa hata ile aliyo nayo. Tazama ulivyo mtego: nywele zinakatika, unanunua biotini, biotini inadanganya kipimo, dozi inashuka, nywele zinazidi kukatika.

Utasema vipimo ni ghali na bima hailipi kila mara. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupima kwa mpango. Kwa walio wengi TSH peke yake inatosha. Orodha ndefu ya vipimo vya tezi inayoletwa na baadhi ya maabara haina kazi kila mara. Kwa asiye mjamzito, kupima kabla ya wiki sita ni kutupa fedha. Dozi ikishatulia, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Kuna pia hesabu isiyolipiwa: dozi kamili ya mtu asiye na tezi huwa karibu na mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 70 hukaribia 112. Ukijikuta kwenye 200 na TSH bado iko juu, tatizo huenda liko kwenye njia ya kuingia: chai, kalsiamu, tumbo lenyewe, au dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu na dawa kadhaa za kifafa huharakisha kuisha kwa homoni hii mwilini, na anayeanza matibabu hayo apimwe upya.

Yote hayo yakiwa sawa, zipo dalili ambazo hazihusiani na kidonge hata kidogo. Ganzi na kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, na misuli kukaza, ni kalsiamu iliyoshuka. Hilo halingoji tarehe ya kliniki. Mikono ikianza kukakamaa nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ukiwa umekaa ni vivyo hivyo, na usingizi mzito wenye kuchanganyikiwa na mwili wa baridi kwa aliyeacha dawa ni dharura. Sauti inayokwaruza baada ya wiki mbili ionwe na daktari wa masikio, pua na koo, hata kama unazungumza vizuri. Mwalimu, mwadhini au mwimbaji anaweza kukuta sauti ya kawaida ipo ila ya juu haipandi, kwa sababu upo mshipa mdogo wa fahamu unaohusika na sauti ya juu peke yake. Mazoezi ya sauti yakianza mapema husaidia. Uchovu, kwa upande wake, una vyanzo vingi: upungufu wa damu, vitamini B12, kisukari, kukoma hedhi, kukoroma na kukosa pumzi usingizini, sonona. Kuulizwa kuhusu sonona si tusi. Unene nao ni wa kuvumiliana nao kwa akili. Aliyekuwa na tezi iliyozidi kazi alikuwa akila bila kunenepa, na homoni ikirudi mahali pake mwili hurudisha kilo zake. Kuongeza dozi ili kupungua ni kuununua ugonjwa uleule uliofanyiwa upasuaji.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Ikiwa tezi yote imetoka, mihogo, kabichi, chumvi yenye madini joto au mwani wa Zanzibar havina tena tezi ya kuikuza wala kuidhoofisha. Endelea na chumvi hiyo kwa ajili ya nyumba nzima, isipokuwa ukiwa unaandaliwa tiba ya mionzi ya madini joto, ambapo hospitali itakupa masharti yake. Aliyebakishiwa nusu ya tezi asitumie mwani wa vidonge bila kuuliza. Mimba, hata hivyo, ni jambo la haraka: mahitaji ya homoni hupanda mapema, mara nyingi kwa asilimia 30 hadi 50, na mtoto huitegemea homoni ya mama kabla tezi yake haijaanza kazi. Anayepanga kubeba mimba azungumze na daktari kabla. Madaktari wengi huagiza vidonge viwili vya ziada kwa wiki mara mimba inapothibitika, kisha TSH hupimwa kila wiki nne hivi katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, saa nne!

Limebaki pingamizi zito. Nimefuata yote, TSH ni 1.5, damu haina upungufu, nalala vizuri, na bado sijarudi nilivyokuwa. Je, T4 peke yake inatosha kweli? Ushahidi haukubaliani, na asiyekuambia hivyo anakufupishia. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2008 uliwapima watu 50 kabla na baada ya kutolewa tezi, ukakuta T3 yao haikushuka pale dozi ya T4 ilipokuwa sahihi. Mwaka 2011 Waitalia waliwaangalia watu 1,811 wasio na tezi wenye TSH ya kawaida, wakakuta zaidi ya mmoja kati ya watano T3 au T4 yake iko nje ya wigo. Kwa hiyo wastani wa kundi waweza kuwa mzuri na wewe ukawa pembeni. Kuhusu kuongeza T3, jaribio la Litwania la mwaka 1999 lenye watu 33 lilionyesha nafuu ya moyo na akili, dunia ikashangilia, halafu majaribio yaliyofuata hayakuipata tena. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha majaribio 11 na wagonjwa zaidi ya 1,200 haukuona tofauti. Kisha wakaja Wanorwe mwaka 2019 na kugeuza swali. Waliwapasua watu waliokuwa na kinga ya mwili inayoishambulia tezi, ambao homoni zao zilikuwa tayari sawa kwa vidonge, na wenye uchovu wakapungua kutoka asilimia 82 hadi 35. Waliopasuliwa walijua wamepasuliwa, na imani nayo hutibu, lakini matokeo hayo yanadokeza kwamba uchovu wa mgonjwa wa tezi unaweza kutoka kwenye ugonjwa wa kinga wenyewe na si kwenye homoni.

Hukumu yangu ni kwamba T3 isiwe ombi la kwanza, wala isikataliwe milele. Iombwe baada ya miezi kadhaa ya TSH iliyotulia, ikiongozwa na daktari wa homoni, na isitumiwe na mjamzito wala mwenye moyo unaopiga ovyo. T3 huisha mwilini kwa haraka kuliko T4, hivyo dozi ndogo hugawanywa mara mbili kwa siku na T4 hupunguzwa kufidia. Dawa ya tezi za wanyama iliyokaushwa, ambayo ndugu walio Marekani huituma kwa wema, ina T3 nyingi kuliko uwiano wa mwili wa binadamu na si mahali pa kuanzia. Kabla ya kidonge cha kwanza cha T3, andika kwenye daftari dalili tatu zinazokusumbua zaidi na uzipe alama kila wiki. Miezi mitatu hadi sita ikipita alama zikiwa palepale, rudi kwenye T4 peke yake na uhamishie utafutaji kwenye usingizi, damu na hali ya moyo wako.